Tairi la Mbele Kulia Lilikuwa Mama Mkwe

Juzi mchana, nikiwa nimejitupa kitandani baada ya kushiba ugali na kambale, niliota nimempiga mama mkwe teke.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa kabla sijalala. Nina gari la spoti la milango miwili, nimelishusha mpaka mende akitaka kupita chini yake anainama. Gari likishushwa hivyo, matairi hulala yenyewe, juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje. Asubuhi ile fundi Remi, anayeninyooshea matairi kwa mashine ya alaimenti pale Msamvu, alilipandisha kwenye mashine akaniuliza, "Kobelo, tuyaache yalale digrii tatu upendeze, au tuyainue? Na haya ya mbele, yatazamane, yaachane, au yaende sambamba? Nipe jibu kabla sijafunga."

Digrii tatu ndiyo fasheni, na wenzangu wote wenye magari kama langu wamelaza. Ila kesho yake nilitakiwa kumpokea mama yake Fromena, mchumba wangu, akitoka Mahenge. Mama huyo alishatuma salamu: "Nitapanda gari la huyo kijana. Likienda sawa, harusi ipo. Likiyumba, tusijuane."

Nikashindwa kuamua, nikarudi nyumbani kulala. Ndivyo nilivyo mimi, jambo likinizidi nalala.

Basi nipo gereji. Matairi yangu manne yamekaa kwenye benchi, yananisubiri. Nami kama kawaida yangu nalipiga teke tairi la mbele kulia kupima upepo. Nani asiyefanya hivyo?

"Umenipiga teke, baba?" linauliza tairi.

Sauti naijua. Kanga naijua. Ni mama yake Fromena, mviringo, inchi kumi na saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenipiga teke la nyonga."

"Nilikuwa napima upepo, mama."

"Na upo?"

"Upo, mama. Umejaa."

"Ashukuriwe Mungu," anasema, lakini hajafurahi.

Mashine ya alaimenti inakohoa, inavaa miwani, inafungua daftari. "Tairi la mbele kushoto ni nani?"

Wote wananitazama mimi. Najitazama na mimi. Mikono sina, miguu sina, na tumboni nimeandikwa saizi.

"Nipo," nasema. Ningesema nini?

"Unalala digrii ngapi?"

"Tatu," najibu, tena kwa maringo. Mashine inanilaza. Nalala hasa, bega la ndani liko chini kabisa, najiona bwana harusi wa nguvu.

"Kanuni ya pili," inasoma mashine. "Matairi ya mbele yatazamane kidogo."

Weee! Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni. Akija njia hii, wewe unachepuka. Nageukia nje haraka. Naye mama, kwa heshima zake, anageukia nje upande wake. Mashine inaandika, "Wameachana," inagonga muhuri.

Mara tupo barabara ya Iringa, jua la saa nane, na tunakimbia. Fromena anaendesha, amevaa shela. Mimi navutia kushoto kwenye mashamba ya mkonge, mama anavutia kulia kwenye vibanda vya nyanya, na gari linatikisika kama lina homa.

"Mbona mnanivuta huku na huku?" analia Fromena. "Mnanipeleka wapi?"

Mkwe na mkwe wataanzia wapi kuzungumza?

Mbele yetu kuna tuta. Limevaa koti, tai na beji ya mwenyekiti wa kamati ya harusi.

"Gari hili linakwenda wapi?" linauliza kwa mbali.

"Harusini!" anasema Fromena.

"Harusi gani, bwana harusi anakwenda kushoto na mama anakwenda kulia? Mkinifikia hivyo hivyo, navunja kamati. Sahani zirudi zilikoazimwa."

Hapo nasikia harufu. Ni mimi. Bega langu la ndani limelika lote, waya zinachomoza, na tuta linakaribia. Naogopa jamani, tena si kwa ajili ya bega. Naogopa kwa sababu Fromena analia ndani ya shela na anayemliza ni mimi.

"Baba," anasema mama, bado amegeukia kwenye nyanya. "Unaungua."

"Najua, mama."

"Kwa nini umelala hivyo?"

"Ili nipendeze."

"Umpendeze nani?"

Nazidi kuvutia kwenye mkonge.

"Inuka basi. Bakiza digrii moja, hiyo ni adabu. Zaidi ya hapo ni kujipendekeza. Na mimi usinitazame, sijakuomba unitazame. Lakini usinikimbie. Wewe tazama mbele, nami nitatazama mbele. Mwanangu yuko katikati hapo."

Najiinua. Bolti zinalia, kiburi kinaniuma kuliko bega. Tatu. Mbili. Moja. Nageuka polepole natazama mbele, na kwa pembeni naona kanga nayo inageuka. Gari linanyooka. Fromena anaachia usukani mkono mmoja afute machozi, na gari halihami hata sentimita moja. Tuta linatukagua, linavua koti, linajilaza likawa bapa.

"Piteni," linasema. "Sahani zibaki."

Tukapita. Nikaamka.

Nilimpigia fundi Remi hata miguu haijagusa sakafu. "Fundi, inua. Bakiza digrii moja. Ya mbele yaende sambamba, yatazame mbele."

"Wee Kobelo! Hutaki kupendeza?"

"Nataka kuoa."

Sijaweka simu chini, Fromena naye akapiga. "Kesho uendeshe polepole, mpenzi. Mama alikuwa amekaa anachambua kisamvu, mara nyonga ya kulia ikamshika. Anasema ni kama mtu kampiga teke."

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Kwani saa ina nini?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jana nilimpokea stendi, anachechemea kidogo. Nikamfungulia mlango macho yakiwa chini, nikaviamkia viatu vyake. Akakaa mbele, akageukia dirishani kama inavyotakiwa. Gari likaenda limenyooka, matuta matatu tukayapanda polepole.

Tulipofika nyumbani, Fromena kasimama mlangoni anauma kucha. Mama akashuka, akajinyoosha, akamwambia, "Limekwenda sawa. Harusi ipo." Fromena akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

Mimi nilikuwa nashusha mikoba, machozi yananilenga. Mama akapita karibu yangu, hakunitazama, akasimama kidogo huku anasugua nyonga.

"Ila, baba," akasema taratibu, akiangalia ukuta, "siku nyingine upepo upime kwa geji."