Uzito wa Tarakant

La, hakuruka. Nani kakwambia aliruka? Kuruka ni kazi ya ndege, na ndege wana mbawa za kufanyia hiyo kazi. Tarakant alikuwa hagusi ardhi tu, basi. Ungeweza kupitisha kiganja chini ya nyayo zake. Bibi yako alipitisha ufagio, maana alikuwa anafagia ua na mtu kasimama katikati, sasa ufanyeje? Alifagia chini yake, akaendelea.

Lakini ngoja, nimeanzia mkiani. Sogea huku, jua linakupiga.

Ile nyumba ya vigae karibu na bwawa, unapoteremka kwenda mto Gandak, ilikuwa ya Mzee Devkant. Yeye alikuwa Mbrahmini, watu wa tabaka la makuhani, anayejua vitabu vyake, na mimi nilikuwa kinyozi wao, kama baba yangu alivyokuwa kinyozi wa baba yake. Na kinyozi kwetu si mtu wa nywele tu. Mtoto akizaliwa unaitwa, harusi unaitwa, mtu akifa unaitwa, wageni wakialikwa wewe ndiye unayezunguka nyumba kwa nyumba kuwaita. Kwa hiyo pale uani nilikuwa kama mbuzi wao, hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Tarakant alikuwa mtoto wao wa pekee. Kijana mpole, hana majivuno. Alikuwa akianza kula anasahau, tonge liko mkononi, anawaza mpaka wali unapoa. Alimsumbua baba yake kwa maswali. Mtu akifa kinachobaki ni nini? Na kama kipo, sasa hivi kiko wapi, mbona mimi sikioni? Mzee alimjibu kutoka kitabuni, kijana anainamisha kichwa kwa adabu, kesho anauliza tena lile lile. Alisoma kila alichopewa. Alifunga kila alipoambiwa afunge. Alfajiri yuko mtoni anaoga, hata baridi ile ya kukatika vidole. Na bado, aliniambia siku moja namnyoa, ndani mwake mlikuwa kama chungu kilichooshwa vizuri sana ambacho hakijawahi kupikiwa kitu.

Walimwoza wakidhani atatulia. Wakamletea Phuldai kutoka ng'ambo ya mto, binti mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwetu, anayejua kupika samaki wa haradali ukasahau jina lako. Na walipendana, asije mtu akakudanganya. Kijana alimpelekea mkewe yale maswali yake, naye anamjibu, kula kwanza. Anakula. Alinenepa kidogo msimu ule wa mvua.

Mvua zilipokatika akaondoka.

Sasa, anayekwenda kutafuta ukombozi haondoki hivi hivi kama anayekwenda mnadani. Anajifanyia mazishi yake mwenyewe kwanza. Nilimnyoa kichwa kikawa kama biringanya. Pandit Ugramohan, kuhani wao, akasuka mtu wa majani, wakamlaza kando ya mto, na Tarakant akamtia moto kwa mkono wake. Akajiwekea mwenyewe tonge la wali la marehemu, akavaa kitambaa cha rangi ya kutu, akashika njia ya kaskazini. Mama yake alilia kama anavyoliliwa maiti.

Na palipo na maiti pana mjane. Bibi yako akaitwa, akamvunjia Phuldai bangili kwa jiwe, akamfuta ile rangi nyekundu ya mwenye mume kwenye njia ya nywele, akamvisha nyeupe. Kuanzia hapo ni mlo mmoja kwa siku, bila samaki, bila kitunguu, na kwenye sherehe za watu hatakiwi aonekane. Mume anatembea huko duniani na miguu yake miwili, mke huku ni mjane. Ndivyo ilivyo.

Mwaka huo huo Phuldai akaanza kuzama.

Mwanzoni ilikuwa kidogo. Anapita kwenye sakafu ya jikoni iliyosiribwa jana, kavu kabisa, anaacha nyayo kama kapita kwenye tope. Mama mkwe akagomba kwamba hasubiri sakafu ikauke. Baadaye ikawa anazama kwenye sakafu ya mwaka jana. Wakamtandikia mbao, mbao zikavunjika. Njia yake ya kutoka kisimani mpaka jikoni ikawa mfereji, na masika bata walikuwa wanaogelea humo. Pandit Ugramohan alitazama nyota zake akasema ni dhambi za maisha yaliyopita, zinateremka. Mama mkwe akasema wanawake wa ng'ambo ya mto ni wazito tu. Basi ikaisha hapo, watu wakazoea, na kila kabla ya sikukuu anaitwa mtu wa kufukia ua.

Huko kaskazini, kama alivyotusimulia mwenyewe, Tarakant alikuwa anahama kutoka kwa mwalimu huyu kwenda kwa yule. Alikaa na wanaojipaka majivu. Alikaa na mmoja aliyekuwa anakula majani makavu tu, tena yale yaliyoanguka yenyewe. Mwisho akampata mzee kibogoyo juu kabisa kwenye theluji, na kwa huyo ndipo alipoanza kupungua uzito. Siku moja alisimama akaona theluji haina alama. Mzee akamwambia hiyo ni kawaida, asiringe.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kila mwaka, siku moja ile ile, anapokaribia kabisa, lile jambo alilolifuata linataka kumfungukia kama mlango, mdomo wake unajaa wali. Wali na boga na haradali, wa moto. Tumbo linashiba, mlango unafungwa. Yule kibogoyo akamnusa mdomo akasema kuna mtu anakulisha wewe, nenda kamwambie aache.

Ndiyo akarudi. Na siku aliyofika ilikuwa hiyo hiyo ya kumlisha. Maana kila mwaka, siku aliyojichoma, wanapika kwa ajili yake. Tonge la kwanza linawekwa kwenye jani juu ya ukuta kwa ajili ya kunguru. Kunguru akila, marehemu kala. Na mpaka kunguru ale, hakuna anayetia kitu mdomoni, awe mgeni, awe mtoto, awe nani. Mimi nilikuwa nimezunguka tangu jana kuwaita Wabrahmini, na walikuwa wamekaa kwenye mikeka mistari miwili, sahani za majani mbele yao, tupu, wanapiga miayo. Kunguru wamejaa kwenye vigae. Tarakant akaingia lango la mbele.

Mama yake akamwangalia kutoka juu mpaka chini, mpaka kwenye ile nafasi ya hewa.

"Umekonda," akamwambia. "Ila angalau wewe hutaniingizia matope."

Mzee Devkant akaenda kumgusa miguu mwanawe, kwa sababu mtawa ni mkubwa kuliko baba. Miguu ilikuwa imeinuka vizuri, na Mzee mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo hakuinama sana. Wageni wakamsalimu. Tarakant akatusimulia safari yake, akaeleza alichofuata: anashukuru sana, lakini wasimlishe tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai.

Wakati anasema hayo, kunguru walikuwa wanamtazama yeye, halafu wanautazama wali, halafu wanaficha vichwa kwenye mbawa. Kunguru nao wana adabu zao. Huwezi kula chakula cha mtu na mwenyewe kasimama pale.

Ndipo Phuldai akatoka jikoni na chungu cha dengu, upindo wa sari umemfunika uso, maana baba mkwe yupo. Ardhi ilikuwa inamfika nusu ya muundi. Kila hatua anaing'oa, ptuu, kama anayepanda mpunga.  Tarakant alitazama miguu ya mkewe, akatazama yake. Hakuwa mjinga yule kijana. Akamwuliza mama yake, hili limeanza lini? Mama akamwambia, tangu ulipoondoka, baba.

Uso ukamshuka. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Miaka yote ile alidhani uzito wake umeyeyuka tu, kama theluji. Kumbe ulikuwa na pa kwenda.

Phuldai akatua chungu. Mke hamsemeshi mume mbele ya wakwe, kwa hiyo akamgeukia bibi yako, ambaye alikuwa pale na ufagio wake.

"Shangazi, muulize huyo mtawa kama kuna kitu alisahau hapa."

"Kakusikia, mwanangu," bibi yako akasema. "Masikio hajaenda kuyaacha mlimani."

"Basi mwambie ninacho. Nimekibeba mpaka kiuno kinaniuma."

Tarakant akasema anaomba arudishiwe. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwambie si mtungi niutue kichwani. Aje akae kwenye mkeka, ale na watu. Mtu anayekula na watu yuko hai. Na mwenye mume aliye hai si mjane. Hilo hata halihitaji kitabu."

Bibi yako hakuona haja ya kurudia. Tarakant akaenda kwenye mwisho wa mstari wa wageni, akakunja miguu, akakaa. Akabaki juu ya mkeka kama mtu aliyekalia kigoda kisichoonekana. Akafumba macho, akawa anajisukuma chini, jasho linamtoka. Kidogo kidogo akashuka. Kidole chake kikubwa cha mguu kikagusa mkeka, na sote tukasikia upande wa pili wa ua, ptuu, na Phuldai akawa amepanda kiasi cha unene wa kidole. Akashika ukuta. Upindo ukamteleza usoni, wala hakuurudisha.

Hapo Pandit Ugramohan akainuka. Usimchukie, hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na njaa. Akaeleza kwamba mtu akipotea, watu wakamzika kwa makosa, halafu akarudi, huyo tuna dawa yake. Anakalishwa kwenye pipa la samli, anazaliwa upya, anapewa jina, anaozwa mke wake yule yule, yamekwisha. Lakini huyu hakuzikwa kwa makosa. Alijichoma mwenyewe, sote tukiangalia. Hakuna samli ya hilo. Akila mstari mmoja na sisi, tumekula na maiti, na binti zetu nani atawaoa?

Wageni nao wakainuka, wanakung'uta nguo. Watoto wakaanza kulia njaa. Mzee Devkant akasimama katikati, mikono haijui iende wapi.

"Mwanangu," akasema, "watu hawa hawajala tangu jana. Nisaidie."

Tarakant akamtazama mkewe. Na Phuldai hakupitia kwa bibi yako, hakupitia kwa mtu.

"Kaa," akamwambia.

Alitaka kukaa. Mimi nilikuwa mbali naye kama kutoka hapa mpaka kwenye ule mtungi, niliona. Alitaka kama mtoto anavyotaka. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu walimu wote wale, wa majivu, wa majani, yule kibogoyo, kitu kimoja walichokubaliana ni kwamba ukijiona unakitaka kitu sana, hicho ndicho cha kuacha. Alijifunza vizuri. Alijiona anataka, akainuka.

Akamwambia Phuldai kwamba anamwombea. Halafu akaenda ukutani, wala hakuhitaji ngazi, akachutama pale juu karibu na lile jani, akala wali kwa mkono wake, na boga, akalamba vidole. Chozi lilimtoka. Kunguru wakasubiri amalize, wakaja kumalizia punje. Mtu mmoja akasema, kala. Pandit akathibitisha, kala. Tarakant akainuka, akapita juu ya bwawa kuelekea kaskazini, sasa akiwa usawa wa mianzi, akawa mdogo, hatukumwona tena.

Phuldai alikwenda chini kwa mkupuo mmoja, mpaka kiunoni.  Mama mkwe akamshika bega, akamwambia pole mwanangu, akamfunika uso vizuri, akampa chombo cha mtindi. Bibi yako akawa anamletea vyungu, na yeye anagawa kutoka pale pale alipo, na kwa kweli ilikuwa rahisi, maana mikono yake ilikuwa usawa wa sahani na wageni walisogea wenyewe. Pepeta za mpunga na mtindi, wali, dengu, boga, pilipili ya kukaanga. Cha kwake yeye kilikuwa kimewekwa kando kwenye bakuli, bila kitunguu, mpaka wote wamalize.

Basi watu wakakaa, wakala. Wabrahmini kwenye mistari yao, sisi wengine huku langoni, watoto wakanyamaza. Na mtu aliyekuwa anapita nje ya ukuta, akachungulia, angeona vichwa vyote viko sawa, na cha Phuldai katikati yao, akasema hii nyumba ina heri, hata mjane wao wamemkalisha kula nao.