Zamu ya Baba, Mita Kumi na Nane

Kila asubuhi saa tatu kasorobo, kiongozi wa wazamiaji hukagua mitungi sita ya hewa, huwakumbusha wageni wasiguse kitu huko chini, kisha hutangulia kujitosa. Mashua ya uvuvi imekaa wima juu ya mchanga, kina cha mita kumi na nane. Kampuni ya uzamiaji iliitoboa na kuizamisha makusudi mwaka jana, samaki wapate nyumba na wageni wapate cha kutazama. Kabla ya hapo ilikuwa mashua ya baba yake.

Baba mwenyewe alihamia humo wiki tatu baada ya kuzikwa. Siku ya kwanza kiongozi huyo, binti yake, alimkuta amechuchumaa ubavuni, patasi mkono mmoja, nyundo ya mbao mkono wa pili, anakalafati. Alikuwa akisukumia pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao, kama alivyofanya maisha yake yote. Binti akamwamkia kwa ishara. Baba akaitikia marahaba, akamwambia asimzibie mwanga.

Wageni walimzoea upesi, ingawa mmoja alilalamika kwamba nyundo inamfukuzia samaki. Meneja, mtu wa taratibu, akampangia zamu ya asubuhi na kuagiza avae mtungi kama kila mtu. Baba akauvaa. Ulikuwa mtupu, lakini kanuni ni kanuni.

Jambo moja lilimkaba binti. Mkaguzi wa vyombo ndiye aliyeandika kwamba mashua ni mbovu, na aliandika akiwa ndani ya gari lake, bila kuipanda. Fomu yake ya kuruhusu mashua izamishwe ilitaka saini ya mtu wa familia. Baba alikataa katakata. Kampuni ikamwahidi binti kazi, naye akasaini kisirisiri. Baba alikaa miezi miwili bila mashua, akaugua, akafa, na hakuna aliyemwambia saini ilikuwa ya nani.

Mwenye kipumulio mdomoni hawezi kusema, na kwa wiki nyingi binti alijificha nyuma ya udhuru huo. Mwishowe, wageni wakiwa upande wa pili wanamtazama pweza, alitoa kibao chake cha plastiki na penseli, akaandika: Baba, ile saini ni yangu. Nisamehe.

Baba alikishika kibao mbali kidogo, maana kifo hakikumponya macho. Akasoma taratibu.

"Najua," akasema. "Hiyo mikia ya herufi zako naijua tangu darasa la kwanza. Shika pamba hapo."

Binti akashika.

"Nilikasirika, sikufichi. Lakini ni wangapi wanaotembelewa na watoto wao kila siku? Nilipokuwa hai ulikuwa ukija Jumapili tu, na simu mkononi. Asante, mama."

Binti alilia mpaka miwani ikajaa, akaipuliza kwa pua kama anavyowafundisha wageni. Alishukuru kwa moyo wake wote. Kisha akaandika swali jingine: mashua iliyokwisha kuzama inakalafatiwa ya nini? Baba akamjibu kwamba samaki wanaishi humo, hawezi kuacha maji yawavujie. Akaikandamiza patasi kwenye ubao. Haikuingia hata unywele. Mbao zingedumu miaka ishirini mingine, alisema, na akaendelea na kazi.

Binti alilipeleka jambo hilo kwa mkaguzi. Mkaguzi alimsikiliza kwa heshima. Alikuwa ameziona picha za baba zilizopigwa na wageni kule chini na hakuwa na shaka na ushahidi wake. Tatizo, alieleza, fomu haina nafasi ya kuandika kwamba chombo ni kizima baada ya kuzamishwa. Akaomba apishwe, ana vyombo vitatu vya kukagua kabla ya chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata mashua mbili zaidi zilishushwa kando ya ile ya kwanza. Baba alizigonga ubao kwa ubao, akazikuta nzima, akaagiza pamba. Binti akamshushia mfuko mzima, akashukuru kwamba kazi ya baba haitaisha leo wala kesho.