Shokapu ya Mwalimu Sia

Hamdani hakuwahi kumwambia mteja kwamba kuna kitu asichokijua. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye kibaraza kimoja pale Ujiji, kati ya rimu, minyororo na karai la maji ya kutafutia pancha, na watu wakimletea baiskeli zilizovunjika migongo kwa kubeba madumu ya mawese kutoka Simbo. Alizichomelea, akazikaza, akazirudisha barabarani. Baiskeli ikitoka kwangu hairudi, ndivyo alivyojisifu, na ukimbishia anakuhesabia moja moja mpaka uombe ruhusa ya kuondoka.

Sasa ya Mwalimu Sia ilikuwa imerudi mara tatu.

Sia alikuwa binti wa Kichaga kutoka Rombo, mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja huko Simbo, aliyeamua kupanga chumba Ujiji kwa sababu Jumapili hakosi kuogelea ziwani. Alinunua baiskeli ya mtumba, zile za milimani, yenye matairi manene na shokapu ya nyuma chini ya kiti: springi nene nyekundu, na katikati yake kibomba cha chuma kilichojaa oili. Alipoileta mara ya kwanza ilikuwa inalia kama mlango wa choo, na ukiikalia inadunda mfululizo, haitaki kutulia. Hamdani aliizunguka mara mbili. Baiskeli alizozizoea yeye, nyuma haichezi. Ikicheza ndiyo mbovu. Mtu mwingine angeuliza. Yeye alimwambia mwalimu arudi kesho.

Kazi nyingine aliifanya vizuri, tusimwonee. Bushi, zile pete za kwenye maungio, zilikuwa zimeliwa, akachonga mpya kwa plastiki ngumu. Bolti zilikuwa zimelegea, akazikaza. Ila alipofungua kile kibomba akakuta oili yote imevuja, limebaki tope jeusi, na hapo akakwama. Hakujua oili gani inaingia humo, na kila duka ambalo angeweza kuuliza lilikuwa na watu wanaomfahamu. Akaingia jikoni, akachukua chupa ya mawese ya mkewe, akajaza, akafunga, akafuta mikono. Ikabonyea taratibu, ikarudi taratibu. Akapiga mluzi mpaka jioni.

Mwalimu akarudi na malalamiko. Asubuhi anapoondoka shokapu haibonyei hata kidogo, kila shimo la barabara ya Simbo linapanda uti wa mgongo, na akifika darasani hawezi kuinama kuokota chaki. Hamdani akaikalia palepale. Ilikuwa saa kumi jioni na baiskeli ilishinda juani uwanjani pa shule. Ikadunda vizuri. Akamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba labda anakaa vibaya. Mara ya pili akailaumu barabara. Mara ya tatu alikuwa anatafuta namna ya kuulaumu uzito wa begi la madaftari, Sia akamkata.

"Fundi, asubuhi ni gogo, mchana ni godoro. Na mimi ni yuleyule."

Kisha akamweleza jambo ambalo alikuwa amelinyamazia. Shule imepokea baiskeli kumi na nne za mtumba kwa ajili ya wasichana wanaotoka mbali, na zote zina shokapu kama hii. Mkuu wa shule, Mama Verediana, anataka fundi mmoja wa kuzitengeneza na kuzitunza, na amemwachia Sia apendekeze jina. Mwisho ni Ijumaa. Sia alisema alitaka jina hilo liwe la Hamdani, kisha akaondoka bila kuaga sawasawa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Hamdani hakula vizuri. Kazi ya shule ni kazi nzuri, lakini kilichomchoma ni sifa yake. Akiikosa, Ujiji nzima itajua kuna baiskeli iliyomshinda.

Alhamisi alfajiri upepo wa Julai ulivuma kutoka ziwani, baridi imeingia mpaka ndani. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa anataka kukaanga samaki aina ya migebuka. Aliipindua chupa ya mawese, hakikutoka kitu. Aliigonga kitako, hakikutoka kitu. Kwa hiyo akafanya anachofanya kila asubuhi ya kipupwe, akaiegemeza karibu na jiko, akaendelea kukata vitunguu.

"Ngoja yapate moto, Baba Kudra," alisema. "Asubuhi haya hayatembei."

Hamdani alikuwa amemwona akiegemeza chupa ile kwa miaka yote ya ndoa yao. Akaweka kikombe cha chai chini. Akaanza kucheka peke yake, halafu kicheko kikamkauka, maana alielewa pia ni nani aliyekuwa anamuumiza mwalimu mgongo wiki mbili hizi. Alipomsimulia mkewe, Mwanakheri aliacha kisu akashika mbavu. Kisha akamuuliza kama atamwambia mwenye baiskeli. Hamdani akasema hakuna haja, ataifungua kimyakimya aibadilishe oili, basi. Mwanakheri akajibu, "Haya." Wanaume waliooa wanaijua "haya" ya namna hiyo.

Akatoka mbio na spana mfukoni. Njiani akautunga uongo wake vizuri: shokapu zote zilizotengenezwa zinahitaji kufunguliwa tena baada ya wiki mbili, ni kawaida. Alimkuta Sia mlangoni kwake anataka kupanda baiskeli. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, ameshika kiuno kama bibi kizee, na bado akaanza kwa kumwambia shikamoo. Uongo wote ukamtoka kichwani. Hamdani akachuchumaa palepale, akafungua shokapu, akaiinamisha. Mawese yakatoka polepole, mazito, ya rangi ya chungwa, yakakaa juu ya jiwe bila kutiririka.

"Ni mawese, Mwalimu. Niliyatia mimi. Sikujua kinachoingia humu, na niliona aibu kuuliza."

Sia aliyagusa kwa kidole, akanusa. Akatazama jua, ambalo lilikuwa bado chini. Ndipo akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi, na jirani akafungua dirisha kuona kuna nini. Wiki mbili amekuwa akiandika kwenye daftari saa za maumivu yake, mwalimu mzima wa fizikia, na kila siku anaungia maharage mawese yaleyale.

Oili yenyewe ilipatikana Bangwe kwa Marcel, fundi pikipiki ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Uvira, na ambaye Hamdani alikuwa akimdharau tangu zamani kwa kutumia kitabu cha maelekezo. Marcel alimsikiliza hadi mwisho. "Yaya Hamdani," alisema, yaani kaka kwa Kiswahili cha Uvira, "ile tunakaangia samaki." Akampa chupa ya oili ya shokapu na mpira mpya wa kuzuia isivuje. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni. Wateja wawili walikuja kibarazani kuuliza kama tairi zinajazwa maharage. Hamdani alingoja aibu imwangushe, haikumwangusha. Akajikuta anacheka nao.

Ijumaa asubuhi, baridi ikiwa ileile, aliijaribu mwenyewe. Alishuka nayo mteremko wa kuelekea ziwani akiyatafuta mashimo kwa makusudi, miaka hamsini na miwili yote juu ya kiti, na kila shimo lilipokelewa likatulizwa. Moyo wake ulikuwa mwepesi kama ule wa mtoto aliyeachiwa shule mapema. Ilibidi Sia amfuate mpaka ufukweni kudai baiskeli yake.

Mchana walikuwa ofisini kwa Mama Verediana, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimtazama Hamdani kutoka miguuni hadi kofiani, akamuuliza kama ana uzoefu na baiskeli za aina hii.

"Ninao wa moja tu, Mama," alisema Hamdani. "Na hiyo niliiharibu kwanza."

Sia akaangalia dari. Mama Verediana akasema kwamba mafundi wawili walishakuja wiki hiyo kujiombea kazi, na wote, kwa maneno yao, walizijua baiskeli zote za duniani. Akavuta mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa stoo yenye zile baiskeli kumi na nne, na Hamdani akaupokea kwa mikono miwili.