Mtambo Usioijua Sabato

Mwalimu Bochaberi alikuwa amesoma chuo kikuu miaka na miaka bila kukaa chuoni. Digrii yake aliisomea mtandaoni, wenzake wakipumzika likizo yeye kichwa kimeinama kwenye simu, na sasa alikuwa amebakiza kazi moja tu: ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Akiituma, anahitimu Desemba. Asipoituma, asubiri mwaka mzima, na mumewe Maranga ameshautangazia ukoo wote kule Kisii kwamba kuna ng'ombe wa kuchinjwa.

Mtambo wa chuo, ule wa kupokea kazi mtandaoni, ungefunga mlango Jumamosi alasiri. Haya, nenda ukaueleze mtambo kwamba Bochaberi ni Msabato, kwamba tangu jua la Ijumaa lizame mpaka lizame tena Jumamosi hagusi kazi wala hamtumi mtu amfanyie. Alimwandikia mhadhiri kuomba siku moja zaidi. Mhadhiri hakujibu.

Ikabidi atume Ijumaa, na hapo ndipo alipojiponza. Kwa Msabato Ijumaa ni siku ya maandalio, na Bochaberi hana mchezo na maandalio. Asubuhi nzima alipika chakula cha kesho, akapiga pasi nguo za kanisani, hata soksi. Kisha akateremka sokoni Uriri na flashi yenye ripoti mkononi, hadi kwenye saiba ya Nasteha, duka lake la intaneti, akijiambia muda upo tele. Akakuta kufuli mlangoni. Nasteha alikuwa ameenda msikitini, swala ya Ijumaa. Kufuli hilo Bochaberi alilijua vizuri, lakini siku hiyo alikumbuka Ijumaa yake akasahau ya mwenzake.

"Woi, mwalimu! Umengoja sana?" Nasteha aliuliza aliporudi.

"Nimengoja. Fungua haraka, dada, deadline ni kesho."

Kompyuta haijamaliza hata kuwaka, stima ikapotea soko zima. Iliporudi, jua lilikuwa limeshainama magharibi. Ripoti ilianza kupanda mtandaoni pole pole na mapicha yake yote ya darasani, ikafika katikati, ikakwama. Nasteha akajaribu kwa bando la simu yake. Ikakwama tena. Bochaberi alikuwa haangalii kompyuta tena, anaangalia mlango. Mwanga ulipogeuka mwekundu kwenye mabati ya ng'ambo, alisimama.

"Unaenda wapi na imebaki kidogo?"

"Sabato inaingia."

"Basi enda. Niachie, nitakutumia mimi."

Jamani, alivyotamani kusema ndiyo! "Hapana. Amri inasema hata mgeni aliye ndani ya malango yako asifanye kazi. Nikikutuma wewe, ni kama nimefanya mimi."

"Lakini haya malango si yako, mwalimu. Ni yangu."

Bochaberi alielekea mlangoni. "Usiitume, dada. Tafadhali," alisema, akatoka.

Njiani alikumbuka kwamba flashi ameiacha kwenye kompyuta, na akaunti yake ya chuo iko wazi. Alisimama. Kurudi kuifunga, alijiambia, nako ni kazi. Akaendelea na safari, na alijua fika, maskini, kwamba anajidanganya.

Kesho yake kanisani aliomba Nasteha asiguse kitu. Chini ya ombi hilo kulikuwa na jingine, ambalo hakuthubutu kulitamka. Alasiri ilipofika, saa ya mtambo kufunga, alilia pale pale kwenye benchi. Mama Truphena, aliyekaa kando yake, akadhani Roho amemshukia, akampa kitambaa.

Jua likazama, wakaomba nyumbani kuiaga Sabato, ndipo akawasha simu. Ujumbe ukaingia: *Kazi yako imepokelewa.* Maranga alipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Bochaberi alikaa chini asijue acheke au atubu.

Jumapili alikwenda saiba.

"Dada, si nilikuambia usiitume?"

"Sikugusa kitu," alisema Nasteha, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Network ilirudi, ikajimaliza yenyewe."

Lakini mtambo ule Bochaberi aliujua. Faili ikishapanda haiendi popote mpaka mtu aweke alama kwenye kisanduku, aape kwamba kazi ni yake, kisha abonyeze kitufe. Network haiapi. Na sasa mwanamke huyu, anayefunga duka kila Ijumaa kwa kumwogopa Mungu, alikuwa amesimama mbele yake anasema uongo mchana kweupe, ili kama kuna dhambi hapo iwe yake peke yake. Bochaberi alimpenda kwa hilo.

Angeweza kumwambia kwamba anajua. Lakini alimshika mkono juu ya meza, akaushikilia.

"Asante, dada," alisema, "kwa kutogusa."