Ngazi ya Mchochea Moto

Tupa ilikuwa ikikwaruza polepole, kwa adabu, kama mtu anayekohoa bila kutaka kuwaamsha wenzake. Nje bado giza. Nilimkuta mkwe wangu, fundi saa, kwenye meza ya jikoni, akisugua kipande cha shaba kisichozidi punje ya mchele.

"Nimekuamsha, mama?"

"Uzee ndio ulioniamsha. Wewe endelea."

Mbele yake lilikuwapo garimoshi dogo, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Alilitengeneza kwa miaka miwili akifuata mchoro wa kiwandani, akihesabu hata vichwa vya ribiti kwenye boila. Alitaka jambo moja tu: yule dereva mstaafu wa garimoshi, rafiki na mwenzake kazini wa marehemu mume wangu, ambaye macho yake yameshazima, aliguse na kusema, "Hili ndilo langu."

Jana tulimpelekea. Alilipapasa kuanzia bomba la moshi, akitabasamu, hadi vidole vikafika kwenye ngazi ya kupandia. Vikasimama hapo.

"Zuri sana, mwanangu. Lakini si langu. Ngazi yangu ilikuwa na vidato vinne."

"Mchoro una vitatu, mzee."

"Waliochora hawakumjua mchochea moto wangu." Akanigeukia. "Shemeji, nisamehe. Mumeo alikuwa hafiki kidato cha chini. Kila safari namvuta juu kama gunia. Mwisho fundi wa karakana akamwongezea kidato kimoja chini. Marehemu aliniapisha nisikwambie."

Nilicheka mpaka machozi. Miaka arobaini nilimshushia vikombe kutoka rafu ya juu, naye akisingizia mgongo.

Mkwe wangu hakubishana. Alitoa rula mkobani. "Kilikuwa na upana gani?"

"Wa kiatu kimoja tu. Na kilipinda kushoto, maana fundi alikuwa na haraka zake."

Ndicho alichokuwa akikisugua alfajiri hii. Kilipokaa sawa kabisa, alikishika kwa koleo, akavuta pumzi, akakipinda kushoto. Naye ni mtu ambaye akiona picha imekaa upande ukutani kwa watu hunyanyuka kwenda kuinyoosha. Nilimchemshia chai.

Kulipokucha tulirudi. Safari hii mzee alianzia chini. Kidole chake kilikanyaga kile kidato kilichopinda, kikatulia pale kwa muda mrefu.

"Panda, Kifupi," alisema taratibu. "Tunachelewa."

Kisha akamtafuta mkwe wangu kwa mkono, akamshika bega. "Hili ndilo langu, mwanangu. Ndilo lenyewe."

Mkwe wangu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Tuliliacha garimoshi mezani, kando ya redio ya mzee, mahali mkono wake unapofika bila kutafuta.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni aliponiita.

"Shemeji, yapo mengine aliyoniapisha. Njoo tena Jumamosi."