Neno Alilosema Clement Njiani

Kosa lilikuwa la katibu wa usharika, na mpaka leo hajakubali. Aliposimama kutoa matangazo asubuhi ya Krismasi, aliisoma karatasi ya Samwel mwenye banda la video kama ilivyoandikwa: saa nane mchana, ghala la zamani la kahawa, sinema ya Krismasi, wote mnakaribishwa. Hakuuliza ni Krismasi ya namna gani. Basi kina mama wa kwaya, ambao wamezoea kwamba sinema ikitangazwa kanisani lazima iwe na Yosefu na punda, walijifunga vitenge vyao vya sare, wakawabeba watoto, wakawashika mkono wazee, wakaenda kumwona Bwana Yesu akizaliwa.

Elina hakwenda kwa ajili ya Yesu wala ya sinema. Alikwenda kwa sababu mama mkwe wake, Mama Enesi, alisema twende, na mwaka ule mzima Elina alikuwa mtu wa kwenda anakoambiwa. Ukimwambia chota maji, anachota. Ukimwambia kula, anakula, ingawa mdomoni mwake chumvi na majivu vilikuwa kitu kimoja. Mumewe Clement alikufa mwaka uliotangulia, siku moja kabla ya Krismasi, na tangu siku hiyo Elina hakuwa ametoa chozi hata moja. Watu wa Isansa, kijiji chao huko Mbozi, hawapitwi na jambo kama hilo. Mjane asiyelia hujadiliwa kisimani, hujadiliwa kwenye mashine ya kusaga, na wenye haya kidogo humjadili nyuma ya kanisa. Elina aliyasikia yote. Hayakumuuma, na hilo ndilo lililokuwa likimtisha, kama angekuwa na nguvu ya kuogopa.

Ghalani mlikuwa bado na harufu ya magunia, ijapokuwa kahawa haijaingia humo miaka mingi. Samwel alikuwa ameziba madirisha kwa maturubai na kutundika shuka jeupe ukutani. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Amoni, kijana wa Tunduma aliyevaa miwani ya jua ndani ya giza. Amoni ndiye mtafsiri. Filamu ilikuwa ya Wazungu, na Wazungu wanasema yao. Kazi ya Amoni ni kushika kipaza sauti na kusema yake. Majambazi huwapa majina ya huku, miji ya Ulaya huigeuza Mpemba na Vwawa, na watu wakitaka kumsifu husema filamu bila Amoni ni ugali bila mboga.

Taa ilipozimwa, ukutani ikaanza kuanguka theluji.

"Ndiyo Bethlehemu hiyo?" aliuliza mzee Mbonile, ambaye jicho moja halioni na la pili linajikongoja.

"Ndiyo, babu."

"Kumbe kuna baridi kuliko kule Mbebe! Mtoto mchanga jamani, si atapata nimonia?"

Mtoto mchanga hakutokea. Walitokea wezi watatu wakivunja duka la vito usiku wa kuamkia sikukuu, na Amoni akawatambulisha kuwa ni Jembe, Panga na Shoka, vijana wa mjini wasio na mbele wala nyuma. Bosi wao alikuwa mzee mnene aliyekaa nyumbani akila. Walipomletea mzigo alifurahi, akacheka na paja la kuku likiwa mdomoni, mfupa ukamkaba, akafa palepale mezani. Kina mama wakapiga ukelele. Vijana wa mbele wakapiga makofi.

"Mnalia nini, mama zangu?" Amoni alisema. "Huyu dhambi zake hazibebeki hata kwa fuso!"

Katibu wa usharika alisimama katikati ya ghala, kivuli chake kikamfunika marehemu. "Samwel! Hii ndiyo Krismasi?"

"Katibu, subiri. Mavazi yanakuja," Samwel alijibu.

Na kweli yalikuja. Wale wezi, ili watoke mjini na maiti bila askari kuwashuku, walimvika bosi wao joho jekundu, kofia nyekundu na ndevu za pamba, wakamfanya yule mzee wa sikukuu anayechorwa kwenye vioo vya maduka ya Tunduma. Halafu wakamkalisha kwenye gari, kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Katibu aligeuka aondoke. Bahati yake mbaya, mvua ilikuwa imeanza kulipiga bati kama inadai kitu, akarudi kukaa huku akisema anakaa kwa sababu ya mvua.

Elina aliiangalia ile maiti iliyokalishwa. Alitarajia kwamba kitu kingetokea ndani yake. Hakikutokea. Aliona tu kwamba walikosea: mkono wa maiti walikuwa wameuacha ulegee dirishani, na ukiuacha hivyo watu wataujua. Mkono lazima uulaze mapajani, na wako juu yake.

Alijua, kwa sababu alifanya hivyo.

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo. Miaka mitatu kabla ya sinema hiyo, Clement aling'oa mibuni aliyoiacha marehemu baba yake, shamba zima la bondeni, apande maparachichi. Wazo lilikuwa la Elina, wala hakulificha. Mama Enesi alipofika bondeni na kukuta mizizi ya mumewe iko juu, aliwatazama wote wawili akawaambia, "Wewe na mkeo, ua wangu hamtaukanyaga tena kwa miguu yenu." Ni hasira. Nani hajasema la hasira? Lakini Clement naye alikuwa na kichwa kigumu kama cha mama yake. Wakahamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akawa anapakia mizigo kwenye maroli, na kwa miaka miwili mama na mtoto hawakupigiana hata simu.

Kisha Clement akaugua kifua, na alfajiri ya mkesha wa Krismasi akafa. Kaka yake mkubwa, Nathanaeli, alifika na gari lake la Noah. Kibali cha kuvusha maiti kilikuwa hakipatikani mpaka baada ya sikukuu. Nathanaeli alisema mama yao hatavumilia mwanawe kulala mochwari ya ugenini siku nne. Wakamvika Clement koti na kofia, wakamkalisha kiti cha nyuma, Elina pembeni yake, wakaondoka.

Tena kwa watu wa Mbozi msiba una utaratibu wake. Kila kundi la waombolezaji likiingia, hulia kwanza, kisha huketi, kisha mkubwa wao husema, "Haya, tupeni habari." Hapo aliyemuuguza marehemu lazima aeleze tangu ugonjwa ulipoanza mpaka pumzi ya mwisho, na kundi jingine likiingia aanze upya. Elina aliieleza habari ile kwa siku tatu, mara ambazo hakuzihesabu. Alieleza kama Nathanaeli alivyomfundisha: kwamba Clement alikata roho njiani, walipokwisha kuiacha lami, ili la mpakani lisijulikane. Kundi la saba lilikuwa na bibi mmoja mdadisi aliyeuliza, "Hakusema hata neno?" Elina alikuwa amechoka. Alimwona Mama Enesi kwenye mkeka ameinua uso. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Alisema: mwambieni mama nimemsamehe, naye anisamehe."

Neno hilo ndilo lililomwinua Mama Enesi. Alilisema kwa mchungaji, akarudi kwenye meza ya Bwana. Alilisema kwa majirani, kwa wageni, kwa fundi aliyekuja kutengeneza paa. Alimchukua mjane akae naye, mkamwana aliyemfukuza, kwa heshima ya neno hilo. Nalo lilikuwa la uongo, na likianguka, Mama Enesi angebaki na kauli yake tu, ile ya miguu kutokanyaga ua wake.

Sasa ghalani watu walikuwa hawajiwezi. Hata kina mama wa kwaya walikwishamsahau Yosefu. Gari la wezi lilikuwa limefika kwenye kizuizi cha polisi, na Panga alikuwa amemfunga bosi uzi mkononi, akiuvuta marehemu anapunga.

"Wamefika boda!" Amoni alipayuka, maana kila kizuizi kwake ni boda. "Wametoka Nakonde hao, wanaitafuta Tunduma! Ofisa anauliza, mzee vipi? Jembe anajibu, mzee kachoka mkuu, kazi ya zawadi si mchezo!"

Ghala likalipuka. Deus muuza nyama, aliyekaa nyuma yao, alicheka mpaka akaanza kukohoa. Mzee Mbonile alikuwa akiuliza kwa nini hawamziki, hawana ndugu? Nathanaeli, aliyekuwa safu ya mbele na wenzake, alinyanyuka ghafla, akawapita watu kwa kuwakanyaga, akatoka kwenye mvua bila hata kuvaa kofia.

Mama Enesi alikuwa amecheka na wengine. Elina alimsikia. Halafu kile kicheko kilikatika katikati. Bibi aliutazama mlango aliotokea Nathanaeli. Akaitazama ile maiti nyekundu. Kisha akainamisha uso, akaitazama mikono ya Elina iliyolala mapajani.

"Magoti yake," alisema polepole. "Tulipomlaza kitandani yalikataa kunyooka. Nathanaeli akaniambia ni baridi. Nimelaza wafu wengi, Elina. Aliyekufa sasa hivi ni laini kama anayelala."

"Toka nje," alisema Mama Enesi.

Walisimama barazani, chini ya bati, mahali magunia yalipopimiwa zamani. Matone yaliwarukia miguuni. Ndani Amoni alikuwa akiimba wimbo wa sikukuu kwa sauti ya marehemu na watu wakimwitikia.

"Alikuwa amekwisha kufa?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu wapi?"

"Nakonde. Alfajiri."

Mama Enesi alishika nguzo. Elina aliona vidole vyake vinavyobana, akafikiri kwamba mtu mwenye moyo angemshika yule bibi. Yeye alibaki amesimama alipo.

"Haya," alisema mama mkwe, na sauti ilikuwa ile ya mkubwa wa waombolezaji aliyeketi mkekani. "Nipe habari. Anza mwanzo, usifiche."

Elina akaanza. Alieleza kifua, homa, alfajiri. Alieleza koti na kofia. Maneno yalitoka bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi. Alieleza kwamba kwenye kizuizi cha ng'ambo mlinzi mmoja aliinama dirishani, akamsalimu Clement kwa Kibemba, "Mulishani, shikulu?" Clement hakuitika. Mlinzi akasema, "Huyu babu kaianza Krismasi mapema, kalewa." Nathanaeli akacheka ili wapite.

"Na mimi nilicheka, mama," Elina alisema. "Nilicheka kwa sauti. Nimemshika mkono, ni wa baridi, nacheka. Tulipofika nikataka kulia, nikashindwa. Mpaka leo. Nikivuta kilio, sipati kitu."

Mama Enesi hakusema pole. Alikuwa akitazama mvua inavyochimba vijishimo kwenye udongo mwekundu.

"Kwa hiyo lile neno hakulisema."

"Hakulisema. Alfajiri ile alikuwa hasemi tena."

"Hata siku za nyuma? Hakunitaja?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Elina alikuwa na uzoefu, na uso wa yule bibi ulikuwa ukiomba kudanganywa. "Hapana, mama," alisema. "Alikuwa bado ana hasira na wewe."

Basi neno lile likaanguka. Mama Enesi alilia, na alilia kwa sauti, kilio cha msiba wa siku ya kwanza, na hakuna aliyetoka kumtazama kwa sababu ndani walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa zaidi. Alipomaliza alijifuta kwa pindo la kitenge, akapenga kamasi, akabaki akihema.

"Lile neno," alisema baadaye, "nani alilitunga? Nathanaeli?"

"Ni langu."

"Lako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na kwa mibuni ile niliwafukuza wote wawili, wewe na yeye." Aligeuka, akamkabili mkamwana wake, macho mekundu. "Basi aliyenisamehe alikuwa ni wewe. Au ulikuwa unasema tu?"

Elina alijitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa ndani ya gunia tupu akijua pengine limebaki punje. Alikuta uchovu. Alikuta siku ile bondeni, na kidole cha huyu mama kikiwaelekea. Lilikuwa jambo la kwanza kumuuma mwaka mzima, na liliuma kidogo tu, mbali, kama ganzi inapoanza kutoka mguuni.

"Bado, mama," alisema. "Bado sijakusamehe."

Mama Enesi aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Alikunja kitenge chake, akaketi kwenye ukuta mfupi wa baraza, akamwachia Elina nafasi pembeni yake.

"Kaa," alisema. "Nitasubiri."

Elina akakaa.