Mguu wa Eloísa Ulifika Mapema

Kila jioni, baada ya maharage na kabla ya tamthilia, mguu wa kulia wa Eloísa Treviño ulijichomoa juu ya goti, ukaingia kwenye kiatu chake na kutoka kwa mlango wa jikoni kwenda hospitalini. Eloísa aliufungulia mwenyewe, akiruka na ule uliobaki, maana mguu hauna mkono wa kushika kitasa. Nelda, wifi yake aliyehamia pale tangu siku ya ajali, aliurudisha mlango upesi ili mbu wasiingie. Majirani wa Los Encinos, huko kusini kabisa mwa Texas, waliuona ukipita wakati wakimwagilia maua, na wenye adabu waliusalimia.

Ulikwenda kukaa kwenye chumba cha kusubiri cha wagonjwa wa dharura, pembeni ya mashine ya soda, umenyooka mbele kwa sababu goti halikukunjika, watu wakiuvuka. Alfajiri ulirudi umechoka. Hospitali ilikuwa imeweka zuio, na yeyote aliyewahi kugongwa na gari mjini pale anajua zuio ni nini. Hospitali inakutibu, halafu inaishikilia fidia utakayolipwa na aliyekugonga, isikufikie mkononi kabla haijachota chake. Kwenye karatasi zuio lilishika kesi. Kwa Eloísa lilikuwa limeshika na mguu, basi.

Kilichomchosha si matembezi ya mguu. Ni kadi. Miaka yote aliyovusha watoto wa shule barabara, kwa kizibao chake cha njano na kibao chake chekundu, mshahara wake ulikatwa bima ya afya, na kadi ya bima alikuwa nayo kwenye pochi. Siku alipofikishwa hospitalini aliitoa kabla hata hajaulizwa jina. Yadira wa mapokezi, ambaye Eloísa alimvusha tangu darasa la kwanza mpaka alipohama shule, hakuinyooshea mkono.

"Irudishe tu, mama," Yadira alimwambia. "Kompyuta inaniuliza kwanza kama ni ajali. Nikibonyeza ndiyo, sehemu ya kadi haifunguki."

"Si ubonyeze hapana?"

"Mama, una alama ya tairi kwenye goti."

Bima ingelipa bei ndogo waliyokwisha kupatana na hospitali. Fidia ya ajali hudaiwa bei nzima, ile ambayo hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuilipa. Kwa hiyo hospitali ilipenda kusubiri kesi. Mtu anakatwa bima ujana wake wote, na siku anapoihitaji anaambiwa angefanya vizuri kuumia kwa namna nyingine.

Shule ilimwahidi Eloísa kumtunzia kona yake mpaka watoto watakaporudi mwezi wa Agosti, ilimradi alete cheti kwamba goti linakunjika. Goti lisingekunjika bila mazoezi, na watu wa mazoezi nao, waliposikia neno ajali, wakataka pesa taslimu. Yalibaki matumaini ya fidia. Wakili Rigoberto Salinas, ambaye uso wake ulitabasamu kwenye bango kubwa la barabara kuu, alikuwa amewabana wenye lori la barafu lililomgonga Eloísa, wakakubali kulipa. Pesa ile ingetosha mazoezi na kubaki, kama hospitali isingeigusa.

Alasiri moja Salinas alikuja nyumbani, akakaribishwa tamale, ule unga wa mahindi wenye nyama unaopikwa ndani ya maganda, akaeleza huku anatafuna kwamba sheria imeiwekea hospitali mipaka. Haiwezi kuchukua zaidi ya nusu ya fidia. Tena haina haki ya kushikilia hata senti ikiwa mgonjwa amelazwa baada ya saa sabini na mbili tangu ajali. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ni lini hasa aligongwa.

Eloísa alisema Jumanne. Na kulazwa? Eloísa alitazama meza, akasema Jumamosi.

Ilikuwa aibu yake, na Nelda alikuwa amemsimanga nayo miezi mizima. Siku ile, mapande ya barafu yakiwa yametapakaa barabarani, Eloísa alilifukuza gari la wagonjwa, akasimama kwa mguu mmoja mpaka mtoto wa mwisho alipovuka, kisha akamwambia Nelda ampeleke kwa Doña Chonita, mkandaji. Los Encinos nzima huanzia kwa Doña Chonita, daktari baadaye. Bibi yule alimsugua kwa spiriti na majani machungu, akamfunga kitambaa chenye maua, akamlaza kwenye kochi lake na kila jioni akampa chai ya kumlaza farasi. Jumamosi ndipo alipokubali kwamba mfupa umevunjika, nao ulikuwa umevunjika tangu Jumanne.

Salinas aliweka tamale chini.

"Doña Eloísa," alisema, "huo ujinga wako ndio utakaokuokoa."

Nelda alisema yeye siku zote alikuwa na imani na Doña Chonita. Akaenda kumwongezea wakili kahawa.

Mbele ya hakimu, mwanasheria wa hospitali hakubishana na tarehe. Aliomba tu kuonyesha picha za kamera ya mlangoni. Jumatano jioni, siku moja baada ya ajali, mlango unaofunguka wenyewe ulifunguka, na mguu wa kulia ukaingia peke yake, umevimba, umefungwa kitambaa chenye maua. Ulisimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, Yadira aliuuliza kama ni ajali, na mguu ukagonga sakafu mara moja. Yadira aliufunga utepe wa mgonjwa kwenye kifundo, akauvika ile soksi ya njano ya wagonjwa yenye vinundu vya mpira vya kuzuia kuteleza, ukalazwa. Kabla ya alfajiri ulionekana ukitoka. Eloísa aliikumbuka soksi. Aliamka nayo Alhamisi kwenye kochi na kumshukuru Doña Chonita, naye alipokea shukrani bila kuuliza ni za nini. Utepe waliukuta kwenye shuka, wakaufungia mfuko wa sukari.

Salinas aliinuka. Alisema sheria inazungumzia mtu aliyelazwa, na mguu si mtu. Hakimu, aliyekuwa na maumivu ya mgongo na njaa, alimgeukia Eloísa, akamuuliza chini ya kiapo kama mguu ule ni wake.

"Wangu," Eloísa alisema. Angesema nini?

"Basi ulifika kwa wakati," hakimu alisema. "Ulikuwa na busara kuliko mwenyewe."

Hospitali ikapewa nusu, ambayo ndiyo mpaka wa sheria, na mwanasheria wake akasifu sheria inayowalinda wagonjwa kiasi hicho. Salinas akachukua theluthi yake, naye alionekana kuona aibu alipokuwa anaichukua. Kilichobaki kilimlipa Doña Chonita na kutengeneza friji. Njiani kurudi, Nelda hakuweza kujizuia.

"Hakimu kasema kweli, wifi. Mguu una akili kuliko wewe."

"Ungekuwa na akili," Eloísa alisema, "ungebeba kadi."

Agosti ilipofika, shule iliweka nguzo ya taa inayomwekamweka kwenye kona yake. Watoto walipita mbio bila kuitazama. Eloísa aliwaangalia kutoka ng'ambo, ameegemea gongo kwa hasira.

Hospitali ilileta karatasi kwamba zuio limeondolewa. Mguu hawakuuambia, ukaendelea kwenda. Eloísa akawaza kwamba kesi imekwisha, hakuna tena fidia ya kusubiri, kwa hiyo kadi itapokelewa. Ikipokelewa hata mara moja, mazoezi yatalipwa, goti litakunjika, na ile nguzo itatafutiwa pengine pa kumwekamweka. Akaibana kadi kwa pini ndani ya soksi ya njano. Alfajiri mguu ulirudi na kadi yake, pini haijafunguliwa. Akampigia simu Yadira.

"Mama, mimi nimeiona kabisa," Yadira alisema. "Lakini lazima niulize kama ni ajali. Unagonga mara moja. Kila siku unagonga mara moja. Mimi nifanyeje?"

Jioni ile, maharage yalipokwisha, Eloísa aliuketisha mguu kwenye kiti cha upande wa pili wa meza. Akaueleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto wa darasa la kwanza: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ukiulizwa kule, gonga mara mbili. Nelda alipunguza sauti ya tamthilia.

"Ni ajali?" Eloísa aliuliza.

Mguu ukagonga mara moja.

"Mara mbili. Hebu tena. Ni ajali?"

Mara moja.

Aliuliza mpaka sauti ikamkauka. Mara zote mguu ulifikiri kwanza, halafu ukajibu vilevile. Mwishowe uliteremka kitini, ukaingia kwenye kiatu na kwenda kusimama mlangoni, kadi ikiwa ndani ya soksi, ukingoja mwenye mkono. Eloísa aliruka mpaka pale, akaufungulia.